Kila Mtaa Isipokuwa Bondeni

Kuna nchi ambayo haimo katika ramani yoyote, na ukimuuliza Mwalimu Mbonea wa Usangi atakwambia ni afadhali isiwemo. Jina lake Viambaza. Jinsi alivyofika huko haitusaidii kitu. Tuseme tu alifika, viatu vimejaa vumbi na koo limemkauka, kwenda kumwona bintiye Nakijwa aliyeolewa huko, na mjukuu ambaye mpaka siku hiyo alimjua kwa jina peke yake. Mbonea alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Maisha yake yote alizoea kusema jambo mara moja na likafanyika, na hilo mlishike, maana ndilo lililomtesa kuliko kiu.

Nchi ya Viambaza imegawanywa mitaa, na kila mtaa una ukuta mmoja mrefu uliopakwa chokaa, ambao wenyewe huuita kiambaza, uliojengwa kando ya kisima cha mtaa. Juu ya kiambaza hutundikwa vibao. Kibao cha fundi viatu, kibao cha mkunga, kibao cha salamu za wakubwa, kibao cha mbuzi anayeuzwa. Kitu kisicho na kibao katika kiambaza cha mtaa hakipo katika mtaa huo, hata ukijikwaa nacho ukaanguka. Mwalimu alimkuta bwana mmoja, shavu limemvimba kama aliyeficha limau, ameketi kwenye kizingiti cha mng'oa meno. Koleo zinasikika zikilia ndani. Akamuuliza kwa nini haingii, na yule bwana akajibu kwa tabu kwamba mtaa huu hauna mng'oa meno, kibao chake kiko mtaa wa ng'ambo, na yeye alikuwa anapumzika kidogo kabla ya kwenda huko.

"Lakini umeegemea mlango wake!" Mwalimu akasema.

"Mlango ndiyo," yule bwana akakubali. "Nimeegemea mlango."

Mtaa wa Kwanza, ule wanaouingilia wageni, ulikuwa balaa tupu. Kila mwenye jambo alitaka kibao chake kionekane hapo, basi vibao vilikuwa vimepandana hadi vimeziba madirisha ya nyumba, na wakaaji walikwisha kuhama zamani kwa kukosa hewa. Sasa ulikuwa mtaa wa kutangazia watu wasiokuwepo. Halafu kulikuwa na sheria ya uzito: kibao chepesi hukaa juu, kizito hukaa chini. Mnadhani watu walifanyaje? Walikwangua. Walikwangua vibao vyao kwa visu na vigae, kila mmoja akitaka kumshinda jirani. Watu wa zimamoto walikikwangua cha kwao mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu, kikapata nafasi ya juu kabisa, na siku hiyo hiyo upepo ukakichukua. Nasikia hadi leo wanaisimulia asubuhi ile kwa fahari.

Kibao kimoja tu Mwalimu alikikuta kila mtaa aliopita, kikiwa na maandishi mekundu: MAJI YA KISIMA HAPA NI MABAYA. MSINYWE. Alipokisoma mara ya kwanza alishukuru kuonywa. Alipokikuta tena mtaa uliofuata, akaguna. Alipokuta visima vyote vimefunikwa, ndoo zimepinduliwa, na ulimi wake umekuwa mzito kinywani, akaanza kuichukia nchi nzima. Njiani alikutana na wanawake wengi waliobeba ndoo tupu, wote wakielekea upande mmoja.

"Mnakwenda wapi, mama zangu?"

"Bondeni, mzee. Ndiko kwenye maji salama."

"Mmejuaje kuwa ni salama?"

Walimtazama kwa huruma. "Kiambaza cha Bondeni hakina onyo."

Bondeni ndiko alikokaa Nakijwa. Mwalimu akafurahi kweli kweli kuwa bintiye ameangukia mtaa wenye bahati, akaongeza mwendo.

Alikuta foleni kisimani imezunguka mtaa mzima, watu wa kila mahali wakisukumana na kupigania zamu. Nyumba ya Nakijwa ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Bintiye alitoka mbio, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Maji kwanza, mengine baadaye."

Akaletewa kata. Akapiga funda moja, akalitema nje ya mlango. Maji yalikuwa na ukakasi wa ngozi iliyolowekwa, na nyuma ya ukakasi ule kitu kikali kilichouma ulimi.

"Maji haya yana nini?"

"Yana baridi tu, baba. Umetoka juani."

Ndipo akamwona mtoto. Nangasu, aliyepewa jina la mama yake Mwalimu, alikuwa amelala mkekani, macho yamezama, midomo imepasuka, halii. Mtoto mgonjwa anayelia hutisha kidogo. Asiyelia hutisha sana.

"Anatapika tangu juzi," Nakijwa akasema, na sauti yake ilijaribu kuwa ya kawaida. "Kila akitapika nampa maji, maana tumbo likikauka ndiyo hatari. Nampa mengi, baba. Namshukuru Mungu tunaishi hapa kwenye maji mazuri. Ingekuwa mtaa mwingine angekwisha kufa."

Jioni akaja mkwewe, Chande, kijana mwenye adabu na mabega mapana, mtundikaji wa vibao wa serikali. Huko Viambaza mtundikaji hufanya kazi kwa kukilaza kibao kifuani, maandishi yakimtazama yeye tumboni, kisha hufumba macho na kukipachika ukutani kwa kupapasa. Sheria inamkataza kusoma anachotundika, asije akakipendelea kimoja akakionea kingine.

"Mimi, baba mkwe," alisema kwa fahari, "tangu niajiriwe sijasoma kibao hata kimoja."

"Hili onyo la maji lililotapakaa kila mtaa, ni wewe uliyelitundika?"

Chande akaziba masikio. "Ni onyo la maji kumbe? Usiniambie, mzee wangu, utaniharibia kazi!"

"Basi niambie uliagizwa nini."

"Hilo naweza. Niliagizwa kila mtaa isipokuwa Bondeni."

Mwalimu akaweka kijiko chini. Miaka yote ya kufundisha ilimzoesha kuhisi pale mwanafunzi alipokosea kabla hajaliona kosa lenyewe, na sasa alihisi hivyo. Kwa nini isipokuwa Bondeni? Nani aliyeutaja huu mtaa, na kwa sababu gani? Chande hakujua, wala hakuona kwa nini mtu mwenye akili timamu atake kujua.

Kulipokucha Mwalimu alikwenda Idara ya Maneno, ambako maandishi ya vibao hutungwa. Mkuu wake alikuwa Bi Kidawa, mama mnene, mchangamfu, mwenye wino hadi kwenye kiwiko. Alimkaribisha vizuri, akamsikiliza, na akajibu bila kuficha kitu. Hilo ndilo lililomchosha Mwalimu zaidi katika nchi ile: hakuna aliyemdanganya.

"Onyo ni la kweli kabisa," Bi Kidawa akasema. "Kiwanda cha ngozi kimechimba shimo la uchafu juu ya kisima cha Bondeni, na dawa zao zimepenya hadi majini. Wapimaji walikuja hapa hapa wakatueleza. Nikaandika onyo kwa mkono wangu. Umeyaona maandishi? Mekundu yale ni wazo langu."

Mwalimu akainuka. "Bondeni? Yaani maji mabaya ni ya Bondeni, na kote kwingine ni mazima?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukuandika kwamba ni ya Bondeni?"

Bi Kidawa akashtuka, akatazama mlango. "Mzee, sisi ni Maneno. Kutaja mahali ni kazi ya Idara ya Mahali. Mwenzetu mmoja hapa aliwahi kuandika 'ng'ambo ya mto' katika tangazo la harusi, akafukuzwa kazi, na harusi ikaahirishwa."

"Lakini mliwaambia watu wa Mahali kwamba sumu iko Bondeni."

"Tuliwapelekea jina la Bondeni. Kuwaambia kuna sumu ni kuwapelekea maneno, na maneno hawaruhusiwi kuyajua. Sasa jina wanalitumia vipi, hilo nitajuaje mimi?"

Mwalimu hakumuaga hata. Alitoka mbio kwa mwendo wa wazee, akaazima ndoo, akapanda hadi mtaa wa jirani unaoitwa Mlimani. Akafunua kisima chini ya kile kibao chekundu, akachota, akaonja. Yalikuwa maji matamu, ya mwambani, maji yaliyomkumbusha Usangi. Akanywa hadi akashiba, huku wapita njia wakimwonea imani na mmoja akimuuliza kama ana ndugu wa kupelekewa habari. Kisha akaibeba ndoo mwenyewe, begani, hadi Bondeni. Maji yakimchuruzika mgongoni hakujali. Aliona tayari Nangasu akifumbua macho.

"Mwanangu, mpe haya. Yale mengine mwaga yote, hata ya kuogea."

"Umeyatoa wapi, baba?"

"Mlimani."

Nakijwa alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Mlimani kuna kibao!"

"Kibao kimekosewa. Sumu iko hapa, Bondeni, hapo mlangoni pako. Yale ya Mlimani nimeyanywa mimi."

"Nani kakwambia?"

"Bi Kidawa wa Idara ya Maneno, yeye mwenyewe aliyeliandika onyo."

"Kaandika wapi kwamba ni Bondeni?"

"Hakuandika. Kaniambia kwa mdomo."

"Kwa mdomo," Nakijwa akarudia taratibu, kwa ile sauti watu wanayowasemea wazee wanaoanza kusahau. "Baba, huku kwetu tunaliita hilo neno lisilo na mahali. Ukilisema pale kisimani unashtakiwa. Watu wangekuwa wanaamini kila kinachosemwa na mdomo, hii nchi ingekuwa wapi sasa?"

"Mimi ni baba yako, Nakijwa."

"Ndiyo, baba. Nakuheshimu sana."

Na kwa heshima hiyo yote aliinyanyua ile ndoo, akaitoa nje, akaimwaga mferejini, akaisuuza kwa maji ya Bondeni asije mtu akadhurika. Kisha akachota kikombe kutoka mtungini, akamwinua mtoto kichwa, akamnywesha. Nangasu akanywa, na baada ya muda mfupi akatapika. Mwalimu alitoka nje asimwone, akasimama na hasira isiyo na pa kwenda. Alifikiri kumnyakua mtoto atokomee naye, lakini mtoto aliyelegea vile humbebi njia ndefu bila mama yake, na mama yake asingemwacha achukuliwe na mzee aliyeonekana amerukwa na akili. Kulikuwa na njia moja tu. Kama binti yake haamini ila ukuta, basi ukuta useme.

Idara ya Mahali ilikuwa jengo zuri, ila kibao chake kilikuwa mtaa mwingine, kwa hiyo walinzi walikana kwamba ipo mpaka alipowapita tu akaingia. Mkuu wake, Bwana Shaweji, alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole safi, mpole kupita kiasi. Hakuruhusiwa kuambiwa kibao kinasema nini. Ilibidi Mwalimu aeleze kwa kuzunguka.

"Kuna kibao mlichokiweka kila mtaa isipokuwa Bondeni."

"Naam, kazi yetu."

"Kilitakiwa kiwe Bondeni tu."

Bwana Shaweji akasikitika kwa dhati. "Mwalimu, wewe ni mgeni, huzijui mila zetu. Zamani tulikuwa tukiweka kibao hapa tu. Unajua kilitokea nini? Kila mtaa uliotajwa peke yake ulijiona umenyooshewa kidole. Watu wakagombana, ndoa zikavunjika. Ndipo wazee wetu wakaamua kwamba mtaa ukitajwa, utajwe kwa kuachwa. Ni staha. Ukituletea jina Bondeni, tunaweka kila mahali isipokuwa Bondeni, na Bondeni wanajua kwamba tumewakumbuka."

"Na kama jambo lenyewe linawahusu Bondeni peke yao?"

"Basi staha yetu kwao inakuwa kubwa zaidi."

Mwalimu alimtazama mtu yule, akatafuta usoni mwake hata chembe ya utani, asiione. Akaomba kusikilizwa na Baraza. Bwana Shaweji akakubali mara moja, maana huko watu wanapenda sana kusikiliza.

Baraza la Viambaza lina pande mbili, Chama cha Isipokuwa na Chama cha Hapa Tu, na wamekuwa wakibishana tangu babu zao. Mwalimu alisimama katikati, akaacha mizunguko yote. Alisema kuna mtoto anakufa. Alisema maji ya Bondeni yana sumu na nchi nzima imepanga foleni kuyanywa, kwa sababu ndiyo maji pekee ambayo serikali haikuyaonya. Alisema visima vyenu vyote ni vizima na mmevifunika, na kile kimoja kibovu mnakipigania kwa ngumi. Sauti yake iliyokuwa ikisimamisha shule nzima ikajaa ukumbini. Alipomaliza wakaitikia kwa vichwa, naye akadhani wameelewa.

Mzee wa Hapa Tu akanyanyuka, machozi yanamlenga. "Tulisema! Tulisema tangu zamani kwamba isipokuwa itatuua! Naomba tupige kura, vibao vyote vya nchi hii vibadilishwe viwe hapa tu."

"Siombi vyote," Mwalimu akasema. "Kimoja."

"Kimoja ni kusaliti msimamo," yule mzee akajibu, akakaa.

Wa Isipokuwa wakauliza kama kibao kitakaa juu ya kiambaza, au chini, au ubavuni. Mmoja akasema ubavu wa kulia, kwa sababu wa kushoto wa Bondeni una tangazo la ngoma. Mwingine akauliza uzito wake. Ikabishaniwa kama onyo la maji lipimwe likiwa kavu au bichi, na hapo ndugu wawili waliokuwa chama kimoja wakanuniana hadi mwisho wa kikao. Mwalimu alisimama akisikia yote, akiwaza mkeka, na midomo iliyopasuka, na kikombe. Alitaka kulia, akashindwa kwa jinsi alivyokasirika.

Mwishowe Bwana Shaweji akaomba nafasi, na wote wakatulia kwa kuwa alikuwa mtu wa kupatanisha. "Waheshimiwa, mgeni wetu amelalamika mbele yetu. Hatuwezi kumrudisha mikono mitupu. Napendekeza kile kibao kitundikwe Bondeni pia, pale pale juu ya kisima, mahali pa kuonekana. Na kwa kuwa aliyekiomba ni mgeni, kitundikwe kwa taratibu za wageni."

Pande zote mbili zikapiga makofi. Mwalimu hakusikia zaidi ya Bondeni na juu ya kisima. Alimshika Bwana Shaweji mkono wa vidole safi, akautikisa, akamwita ndugu yangu, akaondoka karibu kukimbia.

Chande alikitundika kibao siku hiyo hiyo, amefumba macho, akipapasa, jasho linamtoka. Na kweli, kilikaa juu ya kisima kabisa, kikubwa, chekundu, hata kipofu wa jicho moja angekisoma. MAJI YA KISIMA HAPA NI MABAYA. MSINYWE. Kwenye kona kilifungwa utepe wa buluu. Mwalimu akasimama pembeni, amekunja mikono, akingoja foleni ivunjike.

Foleni haikuvunjika. Kila aliyefika karibu na kisima alinyanyua kiganja, akajikinga uso upande wa kibao, akachota kwa mkono mwingine, akaenda zake.

"Wanafanya nini hawa?" Mwalimu akamuuliza mkwewe.

"Utepe wa buluu, baba mkwe. Ni kibao cha wageni. Raia haruhusiwi kukitazama, ni kama kusoma barua ya mtu."

"Na mgeni katika nchi hii ni nani?"

Chande akafikiri kwa uaminifu. "Kwa sasa, ni wewe."

Mwalimu Mbonea alikaa chini pale pale vumbini, mwalimu mkuu mzima, na suruali yake ya safari. Alikuwa amewaambia kwa upole, kwa ukali, kwa mdomo na kwa ukuta, na sasa kweli yote ilikuwa imetundikwa juu ya kisima ili asomewe yeye peke yake, aliyekwisha kuijua.

Akamwona Nakijwa anakuja. Amembeba Nangasu mgongoni, kichwa cha mtoto kinayumba kila hatua, na mkononi ana ndoo. Watu wakampisha kwa sababu ya mtoto. Alipokaribia kisima akanyanyua kiganja, akajikinga.

"Nakijwa, tazama juu."

"Hicho si changu, baba."

"Kisome mara moja tu. Kwa ajili ya mtoto."

"Si changu, baba, usinitie majaribuni." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Alichota, akaiweka ndoo chini, akachovya kata ili amnyweshe mtoto hapo hapo.

Mwalimu akanyanyuka. Hakupanga, mwenyewe husema hadi leo kwamba hakupanga. Alinyoosha mkono, akaichukua ile kata mikononi mwa bintiye kwa upole tu, kama baba anayeomba maji, akaileta mdomoni mwake.

"Baba, ngoja," Nakijwa akasema.

"Nina kiu, mwanangu."

"Wewe usinywe. Wewe kibao ulichokiomba kinakuhusu."

"Lakini ni maji haya haya unayompa Nangasu."

"Kwako ni mabaya! Kimeandikwa kwa ajili yako, wewe ni mgeni!" Sauti yake ilipanda, watu wakageuka. "Baba, weka chini!"

"Kama yanamfaa mjukuu wangu yatanifaa na mimi," Mwalimu akasema, akafumba macho, akainamisha kata.

Nakijwa akampiga mkono. Alimpiga baba yake mzazi, kwa nguvu, mbele za watu, kitu ambacho Upareni wala Viambaza hakuna mtoto anayekifanya. Kata ikaruka, ikagonga ukingo wa kisima, maji yakatapakaa kwenye viatu vya Mwalimu. Wakasimama wanatazamana, wote wawili wanahema.

Kisha Nakijwa akatazama pale maji yalipomwagikia, ardhi ilipokuwa inayanywa. Akatazama ndoo. Mgongoni kwake Nangasu akatoa mlio mdogo, mkavu, usiokuwa kilio. Nakijwa akashusha kiganja kutoka usoni, akainua macho, akasoma. Alisoma taratibu, midomo ikimcheza kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena. Akaisukuma ndoo kwa mguu, ikapinduka.

Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, naye amekwisha kuchota, akaruka maji yasimloweshe. "Mama Nangasu, una nini? Mbona unamwaga?"

Chande alimpungia mkono mkewe anyamaze, maana alijua sheria. Nakijwa alimwona, na akasema kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni, "Maji ya Bondeni ni mabaya. Msinywe."

Watu wakaguna. Mtu akasema aitwe msimamizi. Yule mama akatazama kiambaza, akaona utepe wa buluu, akajikinga uso haraka. "Kibao kiko wapi?" akauliza. "Kibao cha kwetu sisi, kinachosema hivyo, kiko wapi?"

Nakijwa akafungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akamwonyesha.

Yule mama akamtazama Nangasu kwa muda mrefu. Kisha akainamisha ndoo yake, maji yakaenda zake.